Kuacha Dawa Nako ni Uamuzi Wenye Gharama

Mwanamke anayetumia dawa za magonjwa ya akili anapogundua kuwa ni mjamzito, ushauri wa kwanza anaoupata, mara nyingi kutoka kwa watu wanaomtakia mema, ni kuziacha mara moja. Mimi naupinga ushauri huo, si kwa kuwa dawa zote ni salama kwa mtoto, bali kwa kuwa unahesabu madhara ya dawa peke yake na kuyaacha kando madhara ya ugonjwa.

Hofu yenyewe ina msingi. Valproeti, dawa inayotibu kifafa na ugonjwa wa hisia mseto (bipolar, unaomrusha mtu kati ya uchangamfu uliopita kiasi na huzuni kuu), haifai kuchukuliwa kirahisi hata kidogo: takribani mtoto 1 kati ya 10 wanaofikiwa na dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro za kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 huweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Uti wa mgongo na ubongo wa kijusi huanza kuumbika mapema sana, kwani mfereji wa neva, ambao ndio chanzo cha viungo hivyo, hujifunga takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu valproeti hayawezi kusubiri kliniki ya wajawazito. Yanapaswa kufanyika siku ile daktari anapotaka kumwandikia dawa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba.

Kosa ni kuichukua hukumu ya valproeti na kuibandika kwenye kila kidonge. Sertralini, inayotibu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), imetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi na hatari yake inayojulikana ni ndogo. Baadhi ya watoto hutetemeka au kulialia siku za mwanzo, kisha hali hiyo hupita. Kuhusu lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa wa hisia mseto, taarifa za miaka ya 1970 zilikuza mno hatari ya kasoro za moyo. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kuwa hatari hiyo ipo, ila ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na huongezeka kadiri dozi inavyopanda.

Upande wa pili wa hesabu hautajwi sana. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, uliowahusu wajawazito waliowahi kuugua sonona, asilimia 68 ya walioacha dawa walirudiwa na ugonjwa, ilhali kwa walioendelea nazo walikuwa asilimia 26. Wengi wao walikuwa wakitibiwa katika vituo vya kibingwa, kwa hiyo takwimu hizo hazimhusu kila aliyewahi kuwa na huzuni. Hata hivyo, mama aliyezama katika sonona hapati usingizi, hali chakula vizuri, hukosa kliniki na wakati mwingine hufikiria kujiua, na mtoto aliye tumboni hayuko nje ya mateso hayo.

Lipo pia suluhisho la katikati ninalolitilia shaka zaidi, nalo ni kupunguza dozi ili kutuliza dhamiri. Dozi isiyotosha humweka mtoto mbele ya dawa na ugonjwa kwa pamoja. Isitoshe, figo za mjamzito huchuja damu kwa kasi kubwa zaidi, hivyo kiwango cha lithiamu mwilini hushuka bila mtu kugusa kidonge, na ndiyo sababu damu hupimwa mara kwa mara. Baada ya kujifungua kiwango hicho hupanda tena, na dozi iliyoongezwa wakati wa mimba isiporekebishwa inaweza kumdhuru mama.

Wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo hatari zaidi kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto. Kwa hiyo ningependa faili lake lieleze, kabla ya uchungu kuanza, ni dawa gani atakayotumia, nani atamshika mtoto usiku ili yeye alale, na ndugu wampigie nani simu wakiona amekesha siku mbili mfululizo bila kuhisi uchovu.