Acheni namba zipande na kushuka

Mdogo wangu, mimba ya miezi minane, juzi katoka kliniki analia. Alipowekewa tumboni dopla, kile kifaa cha kupimia mapigo ya moyo wa mtoto, namba kwenye kioo zikawa hazitulii: 138, 147, 133, 151. Akauliza mbona hivyo, akajibiwa, "Kawaida hiyo mama, shuka kitandani." Basi. Usiku kucha hakulala, anaamini mwanawe ana ugonjwa wa moyo.

Kilichoniudhi ni kwamba jibu la kumtuliza lilikuwepo, tena jibu zuri mno. Kule kupanda na kushuka ndiko habari njema yenyewe.

Moyo wa mtoto huanza kupiga mwishoni mwa wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, ubongo ukiwa bado hauna uwezo wa kuuamuru. Neva huufikia baadaye. Za upande mmoja huuharakisha. Neva ya vegasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, huupunguza, na zinavutana muda wote. Mimba ikikua, vegasi inakomaa, kwa hiyo kasi ya kawaida hushuka kidogo na tofauti kati ya pigo na pigo huongezeka. Mtoto akicheza, mapigo yanapanda. Akilala usingizi mzito, mchoro wa mapigo ambao mashine huuchora unatulia, hata kwa dakika 40, kisha unaamka naye. Pale ambapo ubongo haukuumbika, mara nyingi mchoro hukosa uhai huo hata kama moyo unapiga vizuri. Kwa hiyo mama anayetazama namba zile anautazama ubongo wa mwanawe ukifanya kazi. Mtu ananyimwaje furaha hiyo?

Wala si elimu ya jana. Mwaka 1963 Edward Hon na S. T. Lee waliandika kwamba tofauti za muda kati ya pigo na pigo hubadilika kabla kasi yenyewe haijaonyesha kasoro. Leo kiwango kinachokubalika ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, yakipanda na kushuka kwa 5 hadi 25. Mtoto mwenye 140 iliyonyooka muda mrefu bila kutikisika anatia wasiwasi kuliko huyu wa mdogo wangu. (Na tafadhali, kuzidi 140 si dalili ya mtoto wa kike.)

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba foleni ya kliniki haimpi muuguzi nafasi ya kufundisha. Nakubali pia kwamba kumfunga kila mama mwenye afya kwenye mashine wakati wote wa uchungu si dawa: tafiti zimeonyesha upasuaji unaongezeka, vifo vya watoto havipungui. Lakini sentensi moja haihitaji mashine. "Mama, ubongo wa mtoto unauongoza moyo, ndiyo maana namba zinacheza." Sekunde tano.

Na mama mwenye picha hiyo kichwani huuliza maswali ya maana. Ataambiwa kwamba pethidini (dawa ya kutuliza maumivu), magnesiamu ya kifafa cha mimba na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zinaweza kuutuliza mchoro kwa muda, na hatapaniki. Pia ataelewa kwa nini mtoto akipunguza kucheza inabidi aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama dopla ya kununua mtandaoni inamwonyesha 140.