Ruta ya ofisi ndogo: ulipie leseni au ulipie fundi?

Chukua ofisi ya uhasibu ya watu wanane pale Ilala. Faiba imeshafika, kampuni ya intaneti imefunga kiboksi chake ukutani na kuondoka. Fundi mmoja anapendekeza MikroTik hEX: ruta ndogo ya waya yenye poti tano, isiyo na WiFi wala leseni ya kulipia kila mwaka. Muuzaji mwingine analeta proforma ya FortiGate 40F pamoja na leseni ya ulinzi, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kila mmoja anasema anauza fayawoli, yaani ukuta wa kulinda mtandao, na kila mmoja anasema kweli.

Kinachotofautiana ni kazi. hEX inaangalia nani anawasiliana na nani: kilichoanzishwa na kompyuta ya ndani kinapita na majibu yake yanarudi, kinachobisha hodi kutoka nje kinatupwa. FortiGate inafanya hayo, kisha inasoma kilichomo na kukilinganisha na orodha ya virusi, tovuti hatari na mbinu za uvamizi ambayo mtengenezaji anaisasisha kila mara. Hiyo orodha ndiyo unayoilipia.

Hoja ya muuzaji ina uzito. Mhasibu akifungua ankara feki iliyokuja kwa barua pepe, mawasiliano na mvamizi yanaanzia ndani, na kwa hEX hayo ni mawasiliano halali. FortiGate yenye leseni hai ina nafasi ya kuyakamata. Lakini siku hizi karibu kila kitu mtandaoni kinasafiri kimefichwa kwa HTTPS, mfumo wa kuficha mawasiliano ya tovuti, kwa hiyo ili kisomwe lazima kifaa kikifungue njiani, na hilo linataka cheti cha kidijitali cha kifaa hicho kisakinishwe kwenye kila kompyuta na kila simu ya ofisini. Programu za benki hugoma, wafanyakazi wanalalamika, na ukaguzi unazimwa. Ukishauzima, sehemu kubwa ya ulichonunua imelala. Kasi nayo inashuka: karatasi ya kiwandani ya 40F inataja Gbps 5 (yaani Mbps 5,000) kwa fayawoli ya kawaida, lakini Mbps 600 tu ulinzi wote ukiwashwa. Kwa laini ya Mbps 50 hilo halikuumizi. Kitakachouma ni mwaka wa pili, leseni ikiisha na bosi akasema tusubiri kwanza. Orodha inaganda pale ilipo, na kupata matoleo mapya ya programu ya kifaa nako kunategemea mkataba wa huduma.

Upande wa MikroTik, hatari inakaa kwingine, na mwaka 2018 ilionekana wazi. Kwenye Winbox, programu ya kuendeshea ruta hizo, liligunduliwa tundu lililomwezesha mtu wa nje kusoma faili la majina na nywila. Kampuni ilitoa marekebisho Aprili mwaka huohuo, bure. Miezi iliyofuata ruta zaidi ya 200,000 zilikutwa zikitumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wavamizi, kwa sababu hakuna aliyezisasisha. Mwaka 2021 jeshi la ruta zilizotekwa lililopewa jina la Mēris liliposhambulia tovuti kubwa, MikroTik ilieleza kuwa nyingi zilikuwa zilezile za 2018: baadhi zilishasasishwa, lakini nywila zilizoibwa hazikubadilishwa.

Aliyelipia leseni naye hakusalimika. Februari 2024 Fortinet, watengenezaji wa FortiGate, walitangaza tundu kubwa kwenye SSL VPN yao (VPN ni njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), na CISA, idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, ikaliingiza kwenye orodha ya matundu ambayo wavamizi wanayatumia tayari. Hapo pia aliyepona ni yule mwenye mtu wa kusasisha.

Kuna jambo linaloudhi ofisi kwa ofisi: kamera. Fundi wa CCTV anaifungulia DVR, kifaa kinachorekodi picha za kamera, poti kwenye ruta (si tundu la waya, ni mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni) ili bosi aone ofisi yake kwa simu akiwa nyumbani, na nywila inabaki ile ya kiwandani. Mirai, kirusi kilichochangia kuiangusha huduma ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti nyingi kubwa, tarehe 21 Oktoba 2016, kilijengwa juu ya kamera na DVR za namna hiyo. Poti hiyo ikibaki wazi, ruta ya bei yoyote imetobolewa na mwenyewe. Dawa ni VPN, na hEX inayo bila malipo ya ziada.

Kwa zahanati inayotunza mafaili ya wagonjwa, au ofisi yenye seva inayofikiwa kutoka nje, ningekubali leseni, hasa sasa ambapo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ila awepo mtu wa kusoma ripoti za kifaa, maana zisiposomwa fedha hiyo imepotea.

Kwa wahasibu wa Ilala ningechukua hEX, WiFi niiweke kwenye kifaa chake peke yake, na tofauti ya bei iingie kwenye mkataba wa fundi. Mkataba uandikwe: Winbox isifikike kutoka nje, DVR ikae kwenye mtandao wake mbali na kompyuta za hesabu, programu ikaguliwe kila mwezi, nakala ya mipangilio na nywila kuu vikae kwa mwenye ofisi. Fundi akibadilishwa, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.