KDF Ituambie Namba ya Macho

Kuna tangazo linanifuata kwenye simu siku hizi. Kijana kavaa ovaroli ya rubani, helmeti kwapani, nyuma yake ndege ya kivita, na maandishi manene yakimhimiza atupe miwani afuate ndoto yake angani. Ni la kliniki moja ya macho hapa Nairobi, inayofanya upasuaji wa leza wa kuondoa miwani. Sitaitaja, isije ikapata wateja kwa mgongo wangu. Ndege yenyewe ni F-16, ambayo jeshi letu halina hata moja. Hata picha ya F-5 zetu za Laikipia imewashinda kutafuta!

Ningecheka yakaisha, ila mpwa wangu ameliona. Yuko kidato cha nne, anavaa miwani tangu darasa la sita, na wanaishi Umoja. Ndege ikinguruma kutoka upande wa Eastleigh hutoka nje na sahani ya ugali mkononi. Alimtumia mamake tangazo hilo. Dadangu, ambaye huuza mitumba Gikomba, akanipigia: "Kaka, mwezi ujao ni zamu yangu ya kupokea pesa kwenye chama. Nimpeleke kwa hiyo leza?"

Swali rahisi, si ndiyo? Basi tafuta jibu kwenye matangazo ya KDF, jeshi letu la ulinzi, ya kuwasajili makadeti. Urefu umo: mita 1.60. Gredi ya KCSE imo. Uzito wa mwanamume umo hadi pointi mbili za desimali: kilo 54.55. Lakini macho, kiungo ambacho bila hicho hakuna urubani, yamefichwa ndani ya sentensi moja ya jumla kwamba mwombaji awe na afya njema kulingana na viwango vya KDF. Viwango gani? Mzazi mwenye pesa za chama mkononi asome wapi?

Wamarekani, pamoja na siri zao zote, hili hawalifichi. Tangu 2007 Jeshi lao la Anga linawakubali wanaotaka urubani hata kama wamefanyiwa LASIK, aina moja ya upasuaji wa leza, ila kwa masharti yaliyoandikwa waziwazi. Mojawapo lingewatoa jasho wenye kliniki: huangaliwa pia namba ya miwani uliyokuwa nayo kabla ya leza. Kama ulikuwa umepita -8.00, yaani macho yasiyoona mbali kabisa, hata ukitoka pale unasoma herufi za mwisho ukutani, mlango umefungwa. Wanataka pia miezi ipite baada ya upasuaji, macho yatulie, upimwe upya. Ule upasuaji wa zamani wa kuchanja konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa kisu hawautaki kabisa, na wana sababu. Beck Weathers, daktari wa Texas aliyekuwa amefanyiwa hivyo, alipanda Everest mwaka 1996 na huko juu akapoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya hewa nyepesi.

Hizo ni sheria zao, si zetu. Na hapo ndipo damu inaponichemka. Mtoto wa Umoja anaweza kujua jeshi la Marekani linataka nini kwenye jicho lake kuliko anavyojua la kwao.

Na hizi leza hazifanani. LASIK hukata kifuniko chembamba juu ya konea, kikafunuliwa, leza ikachonga, kikarudishwa. PRK, leza ya aina nyingine, haina kifuniko. Ngozi ya juu huondolewa, unaumwa siku kadhaa na kuona vizuri kunachelewa, lakini hakuna kitu cha kuteguka ukirushwa nje ya ndege kwa kiti cha dharura. Ndiyo maana majeshi yalianza kuiamini PRK kwanza. Sasa dadangu achague ipi? Achague ile iliyo na ofa wiki hii?

Isitoshe, namba ya huyu kijana inapanda kila mwaka. Leza huchonga kwa namba ya siku ile. Jicho likiendelea kukua, miwani inarudi na pesa ya chama hairudi. Daktari mwaminifu atamwambia asubiri namba itulie. Tangazo la simu halina subira hiyo.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba jeshi lina haki ya kuchagua sana. Ndege ikikata kona kwa 7 G, yaani kila kitu kikiwa kizito mara saba, miwani ya gramu 30 inakulalia puani kama gramu 210, na usiku baadhi ya waliofanyiwa leza huona duara za mwanga kuzunguka taa. Sitetei macho mabovu. Wakatae wanaowakataa, lakini wakatae kwa maandishi, mapema, kabla mtu hajalipa.

Kuna pia urubani wa kiraia, ambako miwani si kosa: 6/9 kwa kila jicho (uone kwa mita 6 kile jicho zima huona kwa mita 9), 6/6 kwa yote mawili, hata kwa msaada wa miwani, na ubebe ya akiba. Nilimwambia mpwa wangu. Akanitazama kwa huruma. "Anko, hizo hazipinduki."

Dadangu nimemwambia azuie pesa zake, na kijana apimwe kwanza kuona rangi, kile kipimo cha nukta ambacho leza haikigusi wala haikisaidii. Mengine yanangoja KDF. Waandike kiwango cha macho bila miwani na kwa miwani, leza ipi inaruhusiwa, miezi mingapi ya kungoja. Ni mistari mitatu tu. Wakikosa nafasi gazetini, wafute zile desimali za kilo.