Kichwa cha Mkwawa, Masikio ya Mwanangu

Jamani, leo nimerudishwa mara ya tatu kwenye dirisha la maombi ya viza. Kosa: masikio.

Siyo yangu. Ya kitindamimba wangu, ana miaka minne, na masikio anayo mawili kama binadamu wengine. Lakini dada wa dirishani kaishika ile picha kwa ncha za vidole, kaiinua kwenye taa kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi ya bandia, kaniambia, "Baba, nywele zimefunika sikio. Halafu hapa nyuma kuna kivuli." Kivuli! Mtoto ana mwili, taa inawaka, sasa kivuli kiende wapi? Na picha yenyewe ni milimita 35 kwa 45, asicheke, asinune, afunge mdomo, aangalie mbele. Huyu mtoto hata akilala mdomo haufungi.

Ofisi yenyewe siitaji. Bado nina shida nao.

Safari ni ya Ufaransa, na msinishangae. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anaishi viungani mwa Paris. Alisema chumba kipo, chakula kipo, hati ya mapokezi ataenda kuichukua mwenyewe ofisi ya meya wao, nyie tafuteni nauli tu. Hiyo "tu" imekula miaka mitatu ya kibubu, zamu mbili za mchezo, na friji ambayo hatukununua. Sasa hivi maji ya baridi tunaomba kwa jirani.

Tukaitisha kikao sebuleni kupanga ratiba. Watoto wanataka Disneyland. Mama watoto anataka Mnara wa Eiffel, apige picha moja tu ya kuwakomesha watu fulani kwenye grupu la WhatsApp. Mzee anataka Versailles. Mimi hakuna aliyeniuliza, nilitumwa vocha.

Mzee ni baba yake mama watoto, Mhehe wa Kalenga, mwalimu mstaafu. Mimi Mngoni, kwa hiyo kwa haki zote ni mtani wangu, lakini mtani akishakuwa baba mkwe, utani unaumeza pamoja na ugali. Mwaka 1954, Gavana wa Mwingereza, Twining, alipokileta kichwa cha Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, kutoka Ujerumani, mzee alikuwa na miaka sita, kabebwa mabegani na baba yake. Ukimuuliza aliona nini, anasema aliona mgongo wa mtu mwenye koti. Tangu siku hiyo kuna kitu kimemkaa rohoni: anataka akione chumba walichokaa wakubwa wakatia saini habari za kichwa kile. Na chumba kipo. Ni Versailles, Ukumbi wa Vioo, vioo 357, tarehe 28 Juni 1919. Ndani ya ule mkataba wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 kinaanza na Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hejaz kule Uarabuni, halafu hapohapo kinadakia fuvu la Mkwawa, Mjerumani anatakiwa kulikabidhi kwa serikali ya Mwingereza ndani ya miezi sita.

Miezi sita. Kalenga kikafika baada ya miaka 35. Kwa hiyo mimi nikiambiwa dirishani kwamba majibu ya viza ni siku 15, huwa napiga hesabu zangu kimyakimya.

Basi mzee kwenye kikao akauliza hilo Disneyland lina nini. Watoto wakamwambia kuna kasri, babu! Akafurahi. "Kasri la mfalme gani?" Hakuna mfalme, ni la binti mrembo aliyelala. "Alilala mwaka gani?" Babu, ni hadithi. "Limejengwa lini?" Nikaangalia kwenye simu: lilifunguliwa Aprili 1992. Mzee akanitazama mimi, siyo watoto. "Yaani kuna kasri ambalo hajawahi kukaa mfalme, ni dogo kuliko mkeo kwa miaka, na tunalipa kiingilio?" Nikamwambia chini yake kuna joka, baba, linatoa moshi. Akasema na joka nalo ni la uongo? Nikasema ndiyo. Kiingilio chenyewe hakina bei moja, kinapanda na kushuka kwa tarehe kama nyanya.

Na Disneyland nako kuna upimaji. Lile treni la mgodini analolililia kitindamimba linataka mtoto awe na sentimita 102. Anazo 98. Mlango wa jikoni kwangu umejaa mistari ya penseli kama ukuta wa mfungwa anayehesabu siku. Mama watoto anampa uji wa lishe mara tatu, dagaa asubuhi na jioni, na kaka yake nilimkuta kamning'iniza kwenye nondo ya dirisha "anyooke." Mwisho mama watoto akaja na wazo: amsuke mafundo mawili juu ya kichwa, zile sentimita nne zipatikane. Akamsuka. Ndiyo hayohayo mafundo yaliyoleta kivuli na kufunika sikio. Sasa nifanyeje mwenzenu? Viza wanataka nywele zishuke, Disneyland wanataka zipande.

Lakini hayo ya masikio ni madogo. Ngoja niwaambie ya mzee.

Nilimfundisha wiki nzima. "Baba, wakikuuliza unaenda kufanya nini, sema kumsalimia binti yangu, na utalii kidogo. Basi." Tukafanya mazoezi sebuleni, mama watoto akiwa ndiye wa dirishani, mzee akapata mia kwa mia. Siku yenyewe akavaa suti aliyovaa kwenye harusi yangu, kofia, fimbo. Tukapewa namba 63. Walikuwa wamefika 19. Kiyoyozi kinapuliza hadi watu wanajifunika mafaili, mtu wa Iringa peke yake ndiye aliyefungua vifungo.

Ikafika zamu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Kwenu wapi?"

Nyuma yetu watu arobaini. Dada akasema kwetu Kilimanjaro. Mzee akauliza Machame au Kibosho. Dada akasema Kibosho. Basi mzee alikuwa na rafiki wa Kibosho chuo cha ualimu, 1971, mrefu, anapiga kinanda. Nikakohoa.

"Babu, madhumuni ya safari ni nini?"

Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. "Kichwa," akasema.

Nilihisi mgongo umelowa, na kiyoyozi kile.

"Pole babu. Kwa hiyo ni matibabu?" Na kidole kishaanza safari kwenda kisanduku cha matibabu.

"Hapana, siyo matibabu," nikadakia.

"Baba, namuuliza yeye."

"Siyo changu," mzee akasema. "Cha Mtwa."

"Mtwa ndiyo nani? Mnasafiri naye?"

"Alishakufa."

Dada akatoa mikono kwenye kibodi, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka mezani. "Babu, mnasafiri na marehemu?"

"La, mwanangu. Yeye alijipiga risasi mwaka 1898, akiwa amezungukwa. Wajerumani wakakata kichwa, wakaondoka nacho."

"Wakakipeleka Ufaransa."

"Ujerumani."

"Lakini hii ni viza ya Ufaransa, babu."

"Najua. Kichwa kilienda Ujerumani, maneno yake yaliandikwa Ufaransa, na aliyeandikiwa kukabidhiwa ni Mwingereza."

Dada akaandika kitu, akakifuta. "Na sasa hivi hicho kichwa kiko wapi?"

"Kalenga."

"Kalenga ndiyo nchi gani?"

"Iringa."

Pakawa kimya. Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

"Kwa hiyo babu," dada akasema polepole, "unaenda Ufaransa kufuata kichwa ambacho kiko Iringa."

Ilivyosemwa hivyo, hata mimi ningemnyima.

Akaitwa msimamizi. Mzee kuona hadhira imeongezeka, akaanza upya kutokea vita vya Lugalo, 1891, fimbo ikionyesha mahali alipoangukia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yaani karibu na mashine ya fotokopi. Namba 64, jamaa aliyekuwa anasonya tangu asubuhi, naye akasogea akauliza swali. Msimamizi akauliza swali. Mlinzi akauliza swali, na lake lilikuwa zuri kuliko yote: kwa nini miezi sita ikawa miaka 35? Mzee akamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo nililolifuata." Kumbe kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa utamaduni. Kikatiwa alama, mambo yakaisha, na dada akasimama kumuaga. Mashine ya alama za vidole ikagoma vidole sita, vimefutika kwa chaki na jembe, lakini kwa kuwa walishampenda wakamfutia kwa kitambaa hadi ikakubali.

Mimi hakuna aliyenifutia chochote. Mimi niliulizwa, "Nini kitakurudisha Tanzania?"

Nikajibu kistaarabu, kwa sauti yangu ya ofisini. Dada, nina mkopo wa mshahara unaoisha 2031. Nina ada ya muhula wa pili. Nina kikoba, na mwenyekiti wetu ni mama mmoja wa Temeke, siku akisikia sijarudi atanifuata Paris mwenyewe na hataomba viza. Akasema hayo hayaingii kwenye fomu. Una hati ya kiwanja? Una barua ya mwajiri? Cheti cha ndoa kiko wapi, hiki ni nakala.

Utani ukaniishia palepale. Yaani nithibitishe kwamba nitarudi kwangu. Kwangu! Kitanda changu kiko pale, wazazi wangu wamelala Songea, mwembe niliupanda mwenyewe. Mfaransa anashuka Zanzibar na kaptula, anatoa dola 50 uwanjani, anagongewa viza, kuna aliyemuuliza nini kitamrudisha kwao? Kuna aliyemwomba cheti cha ndoa? Sisi ni euro 90 kila mtu mzima, wa miaka tisa 45, huyu wa masikio bure, na wakikunyima hela hairudi. Nilitaka kusema hayo yote. Nikasema, "Sawa dada, nitaleta."

Taarifa ya benki sitaki hata kuizungumzia. Mshahara unaingia tarehe 25, ukifika 27 ukurasa unafanana na wa mtu aliyefariki. Nikaazima hela kwa kaka ije ilale kwenye akaunti miezi mitatu, na kila Jumapili anapiga simu kuuliza imeamkaje.

Bima nayo iko. Lazima ikulipie hadi euro 30,000, pamoja na gharama za kurudisha mwili nyumbani ukifia huko. Mama watoto alikisoma hicho kipengele akashika kifua. Mzee akaomba miwani, akakisoma mara mbili, akafurahi kweli. "Mwili mzima?" akauliza. Mwili mzima, baba. "Hapo wamejirekebisha."

Binti mkubwa, kidato cha pili, yeye akaongeza Louvre, mwalimu wao kawaambia. Watoto bure, sawa. Mtu mzima wa Ulaya euro 22. Mtu mzima anayetoka nje ya Ulaya, kuanzia Januari 2026, 32. Nikataka kupiga kelele za ubaguzi, halafu nikakumbuka Serengeti. Mzungu tunamtoza hadi dola 70 na kodi juu, sisi tunapita kwa elfu kumi na vichenji, tunamwangalia dirishani na kumpungia mkono. Miaka yote hiyo, na sijawahi kuona nongwa. Sasa bili imekuja na inalipwa na mtu wa Keko, mimi hapa.

Halafu hiyo Louvre yenyewe, Oktoba 2025, Jumapili asubuhi saa tatu na nusu, mchana kweupe, watu walikuja na gari la ngazi lile la kupandishia samani, wakapanda hadi dirishani, wakaingia, wakabeba vito vya kifalme, wakashuka, wakapotea na pikipiki. Hazikufika dakika nane. Dakika nane! Hao nani aliwauliza barua ya mwajiri? Kuna aliyewaambia sikio halionekani?

Mnara wa Eiffel tutapanda kwa miguu, ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, ni nafuu kuliko lifti. Mimi naishi ghorofa ya tatu na maji tunapandisha kwa ndoo, labda wanishinde kwa Kifaransa.

Mzee sasa kaanza matayarisho yake. Anasema haiwezekani uende nyumba ya mfalme mikono mitupu, hata kama mfalme walishamkata kichwa. Kaagiza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Umekuja na basi kutoka Iringa, dumu la lita tano. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba kwenye ndege begi la mkononi kimiminika mwisho mililita 100, na ulanzi haujui kutulia, unaumuka njiani. Akasema ataufungua kidogo kifuniko upumue. Baba, tukiwa hewani? Akasema Air nini hiyo isiyo na mahali pa kuweka dumu.

Dumu lenyewe liko jikoni. Jana usiku saa nane likalipuka kifuniko, pwaa, kikagonga dari. Jirani wa chini, yule anayetupa maji ya baridi, akapanda na panga akidhani tumevamiwa. Akaulizwa na mzee kama anakunywa. Wamekaa hadi alfajiri wawili hao, na mimi saa kumi na moja nilitakiwa niwe kwenye foleni ya mwendokasi na mtoto aliyesukwa upya, ambaye ukutani, nikimpima harakaharaka tukitoka, kasomeka 97.