Kutia saa majira bila kuirukisha

Seva inasoma sekunde 40 mbele ya wakati halisi. Fundi anaiona, anaandika amri moja, saa inaruka mara moja kurudi mahali pake, naye anaendelea na shughuli nyingine. Mwenzake angeiachia kerneli ya mashine hiyo, yaani kiini cha mfumo wake wa uendeshaji, kazi hiyohiyo, ipunguze mwendo wa saa kidogo kidogo mpaka wakati halisi uifikie, na kwa programu ya kawaida ya NTP (utaratibu wa mashine kulinganisha saa kupitia mtandao) iliyokatazwa kurukisha saa angesubiri zaidi ya saa 22. Waulize wasimamizi wa seva nani kati ya hao wawili kafanya la maana. Wengi watamtaja wa kwanza bila kusita, na wa pili watamwona mtu wa kujipa shida. Ni huyo wa pili ninayetaka asikilizwe, maana hoja yake ni nzito kuliko inavyosimuliwa, na wanaompinga mara nyingi hawajaisikia yote.

Tuanze na hizo saa 22, kwa sababu ndizo zinazomharibia jina. NTP huivuta saa kwa kiwango kisichozidi sehemu 500 kwa milioni, yaani nusu milisekunde kwa kila sekunde inayopita. Kufuta kosa la sekunde moja kunataka sekunde 2,000, dakika 33 na ushei. Kosa la sekunde 40 linataka sekunde 80,000. Saa ikiwa imepotea kwa saa nzima, utangoja siku 83. Namba hizi zikitajwa zenyewe zinatisha, nami nimeona watu wakizitumia kufunga mjadala. Lakini tazama zinanunua nini. Kwa mwendo huo, programu iliyojipangia kungoja sekunde 60 inakosea kwa milisekunde 30 tu. Hakuna muamala unaokatika, hakuna anayefukuzwa kwenye akaunti yake, hakuna faili linaloonekana limeandikwa kesho. Gharama yote ya kuchelewa inabebwa na saa yenyewe, na kazi zinazoitegemea hazijui kuwa kuna kitu kinarekebishwa.

Tena kikomo hicho hakikuandikwa kwenye jiwe. Seva nyingi za Linux siku hizi zinatumia programu ya chrony badala ya ntpd, ile ya kawaida ya NTP, na chrony huiomba kerneli ibadilishe urefu wa tiki yenyewe, yaani pigo la saa yake. Kikomo chake cha kawaida ni sehemu 83,333 kwa milioni, yaani moja ya kumi na mbili. Kwa mwendo huo sekunde 40 zinakwisha kwa dakika 8, na saa nzima kwa saa 12. Bei yake ipo: ndani ya dakika hizo 8, ile programu inayongoja sekunde 60 itangoja kama 65 na nusu. Kwa ofisi ya mauzo hilo si kitu. Kwa mtambo unaopima kasi ya kitu kwa kutumia saa hiyohiyo, ni kosa kubwa, na hapo msimamizi atapunguza kikomo mwenyewe. Basi anayesema njia ya polepole ni siku nzima ya kungoja anaizungumzia programu moja yenye mpangilio mmoja, akidhani anaizungumzia njia yenyewe.

Kerneli inaivutaje saa? Ndani yake kuna kihesabu, mara nyingi kile kiitwacho TSC kilichomo kwenye prosesa, kinachopanda zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Programu ikiuliza saa, kerneli inachukua hesabu iliyoongezeka tangu mara ya mwisho, inaizidisha kwa namba maalumu ili ipate nanosekunde, kisha inajumlisha na wakati iliokuwa nao. Kuipunguza saa mwendo ni kuipunguza hiyo namba ya kuzidishia, kwa kiasi kidogo mno. Wakati uliokwisha kutolewa kwa programu hauguswi. Unaofuata tu ndio unaokuja kwa hatua fupi zaidi, na kila usomaji haupungui ule uliotangulia. Saa inaweza kubaki na kosa kwa muda wa dakika kadhaa, lakini mpangilio wa mambo, lipi lilianza na lipi likafuata, haupotei hata mara moja.

Faida ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi. David Mills wa University of Delaware, aliyeianzisha NTP mwaka 1985 na kufariki Januari 2024, aliandika mwaka 1994, katika hati ya kiufundi iitwayo RFC 1589, namna kerneli yenyewe inavyoweza kuisimamia saa. Msingi wake ni kwamba kosa la saa lina pande mbili: imepotea kiasi gani, na inaendelea kupotea kwa kasi gani. Anayerukisha saa anatibu upande wa kwanza tu. Fuwele ya kwatzi, ile inayoipa saa ya mashine mapigo yake, ikichelewa kwa sehemu 23 kwa milioni inapoteza karibu sekunde 2 kwa siku. Irukishe leo, kesho imepoteza 2 nyingine, na keshokutwa vilevile, mpaka mashine itupwe. Kerneli ikishazijua hizo 23 inaziingiza kwenye kizidishi chake, na programu ya NTP inaziandika kwenye faili ili mashine ikizimwa na kuwashwa isianze kujifunza upya. Andika amri ya chronyc tracking kwenye mashine yako yenye chrony uione namba ya fuwele yako. Kila fuwele ina yake.

Kwa sisi ambao mtandao hukatika mchana kutwa, hili linatuhusu moja kwa moja. Mashine iliyokwisha kujifunza, hata ikibaki na kosa la sehemu moja kwa milioni, itakuwa imepotea chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya siku nzima bila intaneti. Joto la chumba litaharibu hesabu kidogo, kwa kuwa fuwele hubadili mwendo feni ikisimama, lakini bado itakuwa mbali na zile sekunde 2. Mashine inayorukishwa kwa ratiba haijifunzi chochote. Siku intaneti ikikosekana inapotea kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Sekunde 40 nilizoanza nazo sikuziokota hewani. Niliwahi kuitwa mahali, ambapo sitapataja, programu ya stoo ilipokuwa ikionyesha mzigo umetoka kabla haujaingia. Seva ilikuwa ya zamani, saa yake ikikimbia mbele sekunde 40 kwa wiki, na aliyenitangulia aliweka amri kwenye cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, ya kuirudisha kila Jumatatu saa 5 kamili asubuhi, katikati ya kazi. Kwenye logi mapokezi yalisomeka 10:59:52. Utoaji uliofuata, mstari wa chini yake, ulisomeka 10:59:33. Programu ilipanga mambo kwa wakati, kwa hiyo ilihesabu kwamba bidhaa ilitolewa salio likiwa sifuri, ikagoma kufunga siku. Nilipofika, mtunza stoo alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya kujieleza. Alikuwa na karatasi zake zote, sahihi zote zipo, na bado alikuwa akiulizwa amewezaje kutoa kitu asichonacho. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kurukisha saa hakumdhuru yeyote, namkumbuka yule mama.

Upande wa pili una jibu, tena zuri. Wanasema kosa ni la programu, si la aliyerukisha saa. Kerneli ya Linux inatoa saa zaidi ya moja: CLOCK_REALTIME inayofuata kalenda, na CLOCK_MONOTONIC ambayo hairukishwi kamwe. Anayetaka kupima muda atumie ya pili, na kurukishwa kwa ya kwanza hakutamgusa. Mfano wao maarufu ni wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, kwetu ikiwa saa 9 alfajiri, iliongezwa sekunde moja ya ziada kwenye saa za dunia ili zilingane na mzunguko wa dunia. Programu yao ya DNS, yaani ya kutafuta anwani za tovuti, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilipima muda wa majibu kwa saa ya kalenda, ikapata muda ulio chini ya sifuri, ikampa mtambo wa namba za bahati namba hasi ambayo mtambo huo hauikubali, ikaanguka. Miezi michache baadaye, Agosti 2017, Go 1.9 ilitoka ikibeba saa isiyorudi nyuma ndani ya kila kipimo cha wakati. Programu ilirekebishwa, tatizo likaisha.

Nakubaliana nao kwa kila kinachopima muda. Lakini CLOCK_MONOTONIC huanza kuhesabu upya mashine inapowashwa, na hesabu ya mashine hii haina maana kwenye mashine ile. Tarehe ya faili haiwezi kuandikwa kwayo, wala risiti, wala safu ya hifadhidata. Programu ya make, inayotumiwa kujenga programu nyingine, huamua faili lipi la kujenga upya kwa kutazama tarehe za faili. Hifadhidata iitwayo Cassandra, maandishi mawili yakigongana, huchukua lenye wakati mkubwa zaidi: saa ikirudishwa nyuma, rekebisho lililoandikwa sasa hivi linaweza kushindwa na kosa la sekunde 10 zilizopita, kimya kimya, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Hapo hakuna saa ya pili ya kukimbilia. Wakati wa kalenda ndio data yenyewe.

Kuna hoja yao nyingine ambayo sina jibu lake, wala sitafuti. Ikifa betri ndogo ya CR2032, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa, mashine inaweza kuamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia ile ya 5 hazina saa ya betri kabisa. Kwa mashine kama hiyo vyeti vyote vya tovuti havijaanza kutumika, na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji ambao kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5, hautamruhusu mtu aingie. Miaka haivutwi kwa nusu milisekunde. Hapo saa irukishwe, na irukishwe mapema kabla huduma hazijawaka. Hata ntpd, ikiachiwa mipangilio yake ya asili, hurukisha kosa linalozidi milisekunde 128, na linalozidi sekunde 1,000 inakataa kuligusa, inajizima ili binadamu aje aangalie.

Wanasema pia kwamba saa inayovutwa ni saa yenye kosa kwa muda wote inapovutwa, na kwamba aliyerukisha ana kosa la nukta moja wakati mwenzake ana la dakika 8 au la siku nzima. Kwa soko la hisa la Ulaya, ambako biashara ya kasi tangu Januari 2018 inatakiwa ibaki ndani ya mikrosekunde 100 ya wakati wa dunia, hoja hiyo inashinda. Ila huko seva iliyopotea kiasi hicho huondolewa kazini, ikatiwa majira, ndipo ikarudishwa. Hawairukishi huku ikiuza.

Kuna usiku ambao wapinzani wa kerneli huutaja, na wana haki ya kuutaja. Tarehe 30 Juni 2012 ilipoongezwa sekunde ya ziada, Linux ilirudisha saa yake nyuma sekunde moja bila kuziarifu taimu zake za ndani. Taimu zikawa zinalia sekunde moja kabla ya wakati, programu zilizolala kwa muda mfupi zikaamshwa papo hapo tena na tena, prosesa zikajaa; Reddit ni moja ya tovuti zilizoyumba. Dawa iliyosambaa ilikuwa kuipa mashine amri ya kuweka tarehe ileile iliyokuwa nayo. Wanaotetea kurukisha wanasema: mnaona, mkono wa mtu uliokoa kilichoharibiwa na kerneli. Mimi nasoma tofauti. Amri ile iliponya kwa sababu ilizipa taimu habari ambayo zilinyimwa, na kilichoziumiza ni mruko. Ni mruko wa sekunde moja, uliotangazwa miezi mapema, ndani ya kerneli iliyoandikwa na watu wanaoijua saa kuliko sisi sote, na bado ulileta hayo.

Google walikwisha kuchagua njia nyingine tangu 2008: kuitawanya sekunde hiyo. Siku hizi wanaitawanya kwa saa 24, mvuto wa sehemu 11.6 tu kwa milioni, na mashine haioni mruko wowote. Sharti lake ni kwamba seva zote zifuate chanzo kimoja. Ukichanganya chanzo kinachotawanya na kisichotawanya, saa sita usiku ya UTC, yaani wakati wa dunia, zitatofautiana nusu sekunde. Novemba 2022, mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa kimataifa uliamua kwamba kufikia 2035 tofauti inayoruhusiwa kati ya saa za atomu na mzunguko wa dunia ipanuliwe, na kwa hiyo sekunde hizo zikome kwa muda mrefu. Tangu 1972 zilikwisha kuongezwa 27.

Kwenye seva ninazozishika ninaacha mstari mmoja wa chrony ambao usambazaji mwingi wa Linux huja nao: makestep 1.0 3. Maana yake, kosa likizidi sekunde 1 rukisha, lakini katika masahihisho 3 ya mwanzo tu baada ya kuwaka; baada ya hapo vuta. Pale kwenye stoo niliifuta ile amri ya cron, nikauweka mstari huo, na wiki iliyofuata saa ilikuwa ndani ya milisekunde chache. Kinachobaki nje yake ni mashine pepe, kompyuta iliyoigizwa ndani ya nyingine, iliyogandishwa usiku na kuamshwa asubuhi ikidhani bado ni jana, masahihisho yake 3 yakiwa yamekwisha siku nyingi. Hiyo naisimamisha huduma zake kwanza, naandika chronyc makestep kwa mkono wangu, naangalia saa, ndipo naziwasha tena.