Kuziba Wito wa Saratani

Mrina asali wa Sikonge, mkoani Tabora, akichomwa na nyuki mmoja hakai kushangaa. Anaukwangua mwiba kwa ukucha na kupapulizia moshi, maana pale penye mwiba panatoka harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake waje kuchoma hapohapo.

Chini ya ngozi nako kuna wito. Seli zilizojeruhiwa hutoa kemokini, protini ndogo ambazo binadamu anazo aina kama 50, na seli nyeupe za damu huufuata mkondo wake hadi kwenye jeraha. Kidole kinavimba, kinawaka: huo ndio mchochota. Baada ya siku mbili tatu kimenywea.

Saratani huutumia wito huohuo. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya matiti zina vipokezi (protini za juu ya seli zinazopokea wito) vya CXCR4, na kemokini inayoviita, CXCL12, imejaa kwenye mapafu, ini, uboho na mitoki, kulekule saratani hiyo hupenda kuhamia. Uvimbe nao hutoa kemokini nyingine, CCL2, kuzivuta monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo zikishafika hugeuzwa vibarua wa kuujengea mishipa ya damu. Kwa nini basi tusiuzibe wito?

Kwa sababu hauwaiti maadui peke yao. Kemokini CXCL9 na CXCL10 ndizo zinazoziingiza ndani ya uvimbe seli T, seli za kinga zinazoua saratani. Hata mogamulizumab, dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 2012 kwa aina moja ya saratani ya damu, haizibi wito: hushika seli zenye kipokezi cha CCR4 ili kinga iziue. Mimi naona hiyo ni njia ya busara zaidi.

Kinachonitia hofu hasa ni utafiti wa mwaka 2014. Panya wenye saratani ya matiti walizuiliwa CCL2. Dawa ilipokatishwa, monosaiti zilizobanwa kwenye uboho zikamwagika, saratani ikasambaa kwa kasi na panya wakafa mapema. Ni panya, sawa, si watu. Ila mgonjwa wa Sikonge anayetibiwa Mwanza au Dar es Salaam anaweza kukosa nauli mwezi mmoja tu, na dozi ikakatika. Dawa za namna hii zikija kujaribiwa kwa watu wa huku, ningetaka kwanza kujua siku dozi ikikosekana mwilini kunatokea nini.