Shemeji, Zima Hiyo Spika

Mbele ya mama mkwe kuna mambo mke wa mtu hayasemi. Anayameza, anayashushia na maji, kisha anakuja kuyatapika mahali ambapo mama mkwe hafiki. Ndiyo maana niko hapa. Na shemeji yangu hasomi kitu kirefu kuliko stetasi, kwa hiyo niko salama.

Jumamosi tulikwenda maporomoko ya Sanje, hifadhi ya Udzungwa kule Morogoro. Tulikuwa watu saba: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe, shemeji na mchumba wake. Na wa nane, ambaye hakulipiwa kiingilio: spika. Ile ya duara yenye taa zinazobadilika rangi, na kamba ya kuning'inizia begani kama mkoba wa harusini.

Mnaoijua njia ile mnaijua. Mikumi, Kidatu, halafu miwa, miwa, miwa mpaka macho yanachoka, na kulia kwako milima imesimama wima kama ukuta wa jirani asiyetaka maneno. Hifadhi yote ile, kilometa za mraba 1,990, haina barabara ya gari ndani. Ukitaka kuona kitu, miguu yako. Nilidhani hilo peke yake linamwambia mtu amefika mahali pa namna gani. Wapi.

Getini tulipewa mwongozaji, kijana mpole. Aliangalia viatu vyetu, akaangalia ndala za mchumba wa shemeji, akahema. (Ndala nitaziandikia siku nyingine. Chupa za maji zilizotupwa njiani pia.) Mama mkwe alifunga kanga kiunoni, akapewa fimbo, akatangulia. Ni mtu wa Matombo, amelima miteremko ya Uluguru tangu msichana. Nilipomwambia, "Mama, polepole," alinijibu bila kugeuka: "Polepole ni yenu nyie wa bodaboda."

Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea. Jua lote lilibaki kwenye miwa kule chini, huku ndani kuna ubaridi wa jikoni alfajiri. Mizizi imetambaa njiani, umande haujakauka. Mama mkwe akawa anawasimulia wajukuu kwamba kwao kulikuwa na misitu ya matambiko, ukiingia ukipiga mluzi unarudishwa nyumbani na kipigo unakipata. Mwanangu wa miaka sita, ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, akaanza kutembea kwa kunyata.

Kwenye kona moja mwongozaji akainua mkono. Tukasimama. Akanong'ona: "Sikilizeni. Ng'olaga, kima wa huku. Ataita, atanyamaza kidogo, halafu atamalizia. Msubirini amalizie."

Kweli, mbali kule juu ikatoka sauti moja nene: *huuup*. Kisha kimya. Mwanangu amenishika kidole, hapumui. Tunasubiri.

Na katika kimya kile, nyuma yetu, akazungumza yule dada anayeishi ndani ya spika. Kwa Kiingereza chake cha puani akaitangazia Udzungwa nzima kwamba yuko tayari kuunganishwa. Halafu *dum*, singeli.

Kilichosikika baada ya hapo ni matawi. Wanyama hatukuwaona, tuliona majani yakitikisika yakielekea mbali na sisi. Mwongozaji alimwomba shemeji kwa adabu kabisa azime. Akapunguza. Hakuzima, alipunguza. Nikafungua mdomo, mama mkwe akaniwahi: "Mwache mwanangu naye ajiburudishe." Yuleyule wa mluzi na kipigo!

Sasa naomba nieleweke. Mimi si mtu wa kimya. Nyumbani kwangu redio inawaka kabla ya jiko. Lakini hebu hesabuni sauti zinazomfikia mtoto wa mjini kwa siku moja. Baa ya upande wa pili wa barabara. Mahubiri ya usiku kucha. Bodaboda aliyetoboa ekzosi makusudi. Yule wa baiskeli na kipaza sauti chake, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, mpaka mtoto anaikariri kabla ya kukariri jedwali la pili. Mwanangu ana miaka sita na sidhani kama aliwahi kukaa hata dakika tano mahali pasipo na injini wala spika. Tumejinyima miezi mitatu, tumekodi gari, tumelipa viingilio, tumembeba mpaka mahali pekee ambapo angesikia kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiwasha. Halafu tukamletea baa.

Na si mahali popote. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye misitu hiihii kwa kazi ya mbega wekundu wakasikia mlio ambao hawakuutegemea pale. Wenyeji hawakushangaa, wao walikuwa na jina lake zamani: ng'olaga. Kima mkubwa wa kijivu, ana kishungi kichwani, anashinda chini akifukua majani makavu, na duniani kote hayupo ila Udzungwa. Huyo mnyama aliingia vitabuni kwa sababu alisikika. Wangekuwa wamefuatana na shemeji yangu, mpaka leo asingejulikana nje ya vijiji vile.

Shemeji ana hoja zake, alinipa kwenye gari. Kwanza, eti Mwafrika ni mtu wa ngoma. Sawa, lakini ngoma ilikuwa na siku yake na uwanja wake, na aliyeipiga kijiji kilimwita. Shemeji nani alimwita? Pili, eti maporomoko yenyewe mbona yana kelele. Hapo nilicheka. Maji yanaanguka karibu meta 170 kwa awamu, unaanza kuyasikia kabla hujayaona, kwanza kama upepo, halafu kama mvua ya mabati, mwisho unayasikia kifuani. Ukiita hiyo kelele, basi na mama yako akikuita ule chakula ni kelele.

Hata hivyo maji tuliyasikia kwa kuibia, maana kule juu kulikuwa na kundi jingine la vijana, nao na spika yao. Bongo fleva. Shemeji akaona amechokozwa. Dakika kama kumi hivi singeli na bongo fleva zilitukanana mbele ya maporomoko, na bonde lote la Kilombero limelala pale chini, kijani mpaka upeo wa macho, na hakuna aliyelitazama. Betri ya shemeji ikaisha kwanza. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa betri kama siku ile.

Sasa, haki yake nimpe, maana mume wangu atasoma. Wakati wa kushuka mawe yaliteleza, goti la mama likagoma, na ni shemeji aliyembeba mgongoni kipande chote kibaya, jasho linamtiririka, hakulalamika hata mara moja. Spika alimpa mchumba wake aibebe. Kwa hiyo si mtu mbaya. Ni mtu mwema mwenye spika, na hao ndio wagumu zaidi, kwa sababu ukiwakemea unaonekana mchawi.

Ameshaanza kuulizia Desemba tunakwenda wapi.

Jana usiku nilikuwa namwogesha mwanangu. Akajaza mashavu, akaita *huuup*, ikavuma vizuri bafuni. Akanyamaza. Nikangoja. Akachukua sabuni akaendelea kujipaka.

"Malizia basi," nikamwambia.

"Inaishia hapo, mama."